Si Santuri, Si CD: Makosa Ni Yetu



Katika mikusanyiko yetu huku ugenini kuna ugomvi mmoja usiokwisha. Wazee wetu, muziki wa zamani ukitajwa, hutikisa kichwa na kusema kwamba muziki ulikufa siku santuri ilipokufa. Kwamba CD ni baridi, na hayo ya kwenye simu ni kelele za mbu. Vijana nao huwacheka. Wao wana nyimbo elfu mfukoni, za nini tena sahani nyeusi zinazokwaruza? Tumechoka kuusikiliza ugomvi huu, na leo tunasema wazi: pande zote mbili zimepotea njia. Wanagombania chungu, kumbe kilichoharibika ni mchuzi.

Hatusemi kwa kubahatisha. Majira ya baridi yaliyopita tulikaa sebuleni kwa mwenzetu mmoja, watu sita, na wimbo mmoja tu: "Sina Makosa" wa Les Wanyika, bendi iliyozaliwa Nairobi mwaka 1978 baada ya wanamuziki kadhaa kuiacha Simba Wanyika. Nani kati yetu asiyeujua wimbo huo? Tulikuwa na santuri ndogo ya mizunguko 45, CD ya mkusanyiko tuliyoinunua huku kwa bei ya heshima, na nakala ya mp3 iliyokuwa ikipita kutoka simu hadi simu.

Santuri ilikwaruza, hilo hatulifichi. Tena ilitukatia wimbo katikati, ikabidi mmoja wetu ainuke kuigeuza, kama ilivyokuwa desturi ya nyimbo ndefu za wakati ule: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande wa pili. Lakini besi ya Tom Malanga ilisimama mbele yetu, kila nota na nafasi yake, na matoazi ya Rashid Juma yalisikika kuwa ni shaba inayopigwa kwa kijiti.

CD haikumwinua mtu. Lakini besi ilikuwa imevimba, matoazi yamezimika kana kwamba yamefunikwa blanketi, na gita la rithimu, ambalo ndilo linaloubeba wimbo ule, limesogezwa nyuma ya mlango. Tukaongeza sauti. Hapo mwenye nyumba akanyanyua kidole: "Sikilizeni kabla wimbo haujaanza." Tukarudisha mwanzo, tukasikiliza. Ilikuwa sindano, inatua juu ya santuri! CD tuliyouziwa ilinakiliwa kutoka santuri iliyochakaa kuliko ile yetu, kisha mikwaruzo ikafutwa kwa kompyuta, na matoazi yakaenda na mikwaruzo. Kwenye jalada hapakuandikwa lolote kuhusu hilo.

Ile ya simu ilituchekesha, kisha ikatunyamazisha. Wimbo ulikuwa unakimbia na sauti za waimbaji zimepanda, kama kaseti iliyonakiliwa kwa mashine isiyo na mwendo sahihi. Binti wa mwenye nyumba, aliyezaliwa huku, akauliza: "Kwani hawa walirekodi ndani ya debe?" Hakuwa na dharau. Aliuliza alichokisikia.

Sasa tuseme na wazee wetu. Si kweli kwamba santuri ndiyo yenye uaminifu kuliko vyote. Fundi anayekata santuri hulazimika kuizuia besi, maana ikizidi sindano huruka. Sindano inapokaribia katikati ya sahani, mfereji hupita chini yake kwa mwendo mdogo zaidi, na sauti huanza kuchafuka. Na kila mnapoipiga mnaila kidogo. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, huipima sauti mara 44,100 kila sekunde, kwa biti 16, na hunasa hadi karibu kilohezi 20, mahali ambapo sikio la mzee yeyote kati yetu halifiki tena. Chombo hicho kinaweza kubeba kila kilichokuwamo kwenye santuri, hata mkwaruzo wake. Kama CD yenu ni baridi, muulizeni aliyeipika.

Na vijana wetu nao wasichekelee. Mp3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hubeba takriban sehemu moja kati ya kumi na moja ya kilichomo kwenye CD. Programu huamua kipi sikio halitakikosa, na hicho hukitupa. Matoazi ndiyo ya kwanza kuumia. Huanza kulia kama maji ya bomba. Ni kweli kwamba ikitengenezwa vizuri, kwa kilobiti 320, wengi wetu hatuwezi kuitofautisha na CD. Lakini itengenezwe kutoka nini? Ukinakili takataka kwa uangalifu, unapata takataka iliyonakiliwa kwa uangalifu.

Tena kuna ugonjwa ulioenea tangu miaka ya 1990, wa mafundi kupandisha kila kitu juu ili wimbo ushinde kelele za wengine. Muziki wetu wa dansi umejengwa kwa kupanda: huanza taratibu, mwimbaji anasimulia, halafu chemko. Ukivilinganisha vyote kwa nguvu moja, chemko haichemki.

Basi swali la haki si "santuri au CD?" Swali ni: imetoka wapi? Kuna mkanda mama, ule uliozunguka studio siku waliporekodi? Nyimbo nyingi za bendi za Tanzania zilirekodiwa kwenye mikanda ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyingine wanamuziki walizifuata Nairobi, kama alivyofanya Mbaraka Mwinshehe. Palipo na mkanda na mtu akanakili santuri mbovu kwa uvivu, huyo ametuibia. Pasipo na mkanda, santuri ndiyo asili. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 kwenye sahani za mizunguko 78, zenye dakika tatu hivi kila upande. Kuzinakili hizo kwa sindano inayolingana na mifereji yake mipana, kwa mwendo sahihi, na kusema wazi kuwa zimetoka kwenye santuri, ni kazi ya heshima. Mikwaruzo yake haituudhi. Kinachotuudhi ni kudanganywa.

Wapo watakaotuambia: bora nusu shari kuliko shari kamili, kupata nakala mbovu ni bora kuliko kukosa. Tungekubali, lau nakala mbovu ingejulikana kuwa ni mbovu. Lakini watoto wetu hawana cha kulinganishia. Kwao debe ndilo bendi. Watakua wakiamini kwamba babu zao walikuwa wapiga muziki dhaifu, wenye vyombo duni, na sisi tutakuwa ndio tuliowafundisha hivyo, kwa kusambaza kwenye simu tusichokisikiliza mpaka mwisho. Majina ya wapigaji nayo hupotea njiani, na asiyetajwa halipwi.

Kwa hiyo tunasema. Mwenye santuri chini ya kitanda asiitupe wala asiilaze chini ya masanduku. Aisimamishe wima na aisafishe vumbi. Ainakili mara moja, kwa ubora kamili, bila kufuta kitu, na aandike yote yaliyo kwenye lebo, pamoja na namba yake na majina. Mwenye kununua amuulize muuzaji nakala imetoka wapi, na akikosa jibu arudishe pesa mfukoni. Na anayetumiwa wimbo unaokimbia kama paka aliyemwagiwa maji, asiupeleke mbele.

Binti yule tulimwekea tena santuri, tukamwambia asubiri mpaka igeuzwe. Chemko ilipoingia hakusema kitu kuhusu debe. Aliuliza jina la mpiga besi.