Kadiria Kwanza, Kisha Hesabu



Wazazi watukufu na vijana wapenzi, mwezi uliopita katika ukurasa huu tulizungumza juu ya nafasi za tarakimu, yaani mamoja, makumi, mamia na maelfu. Mwezi huu, inshallah, tutapanda ngazi inayofuata, nayo ni elimu ya kukadiria. Ni elimu ndogo kwa umbo, na mtoto wa darasa la nne aweza kuijua kwa siku moja. Walakini faida yake humfuata mtu sokoni, shambani na hata mbele ya Mola wake, kama tutakavyoona.

Wavulana wawili wa chuo chetu hapa Mogitu walinijia wakibishana juu ya Mlima Hanang, ambao tunauona kila asubuhi tufunguapo milango. Mmoja alisema kimo chake ni mita 3,417. Wa pili alisema ni mita 3,420, kwani ndivyo alivyosoma katika kitabu chake. Kila mmoja alimwita mwenziwe mwongo, na kama nisingetokea wangeshikana mashati. Niliwaambia: “Wanangu, hapana mwongo hapa. Mmoja ametaja mita zote, na mwingine ametaja makumi yaliyo karibu. Ninyi mnagombana, lakini namba zenu zimepatana.”

Basi tuanzie hapo. Kukadiria namba nzima ni kuiondoa namba ilipo na kuipeleka kwenye kituo kilicho karibu nayo zaidi, ili iwe nyepesi kutaja, kukumbuka na kufanyia hesabu. Vituo hivyo ni makumi, au mamia, au maelfu, kwa kadiri ya haja yako. Mfano wake ni mtu aliyesimama njiani baina ya nyumba mbili mvua inapoanza kunyesha: atakimbilia iliyo karibu. Namba 3,417 imesimama baina ya 3,410 na 3,420. Kurudi nyuma ni hatua saba, kwenda mbele ni hatua tatu tu. Kwa hiyo itakwenda 3,420. Tukitaka mamia, imesimama baina ya 3,400 na 3,500, itarudi 3,400. Tukitaka maelfu, itarudi 3,000. Tazameni: kila unapochagua kituo kikubwa zaidi, namba huwa nyepesi zaidi ulimini, lakini huzidi kuwa mbali na ukweli wake. Mtu akisema Hanang ni mita 3,000 hakusema uongo, bali ameacha zaidi ya mita 400, nao ni mwinuko wa kutoa jasho.

Kanuni yenyewe ni hii. Itazame tarakimu iliyo kuliani mwa nafasi unayoitaka. Ikiwa ni 0, 1, 2, 3 au 4, tarakimu ya nafasi yako ibaki kama ilivyo. Ikiwa ni 5, 6, 7, 8 au 9, iongeze moja. Kisha zote zilizo kuliani zigeuke sifuri. Watoto huniuliza, “Maalim, mbona 5 hupanda, ilhali imesimama katikati kabisa?” Swali lao ni la haki. Namba 45 iko mbali sawasawa na 40 na 50. Watu wa hesabu wamekubaliana ipande ili wote wapate jibu moja, na mapatano hayo yana mpango mzuri: tarakimu tano hubaki chini na tarakimu tano hupanda juu.

Liko kosa moja ambalo watoto wengi hulifanya, nalo ni kukadiria mara mbili. Wakiambiwa waipeleke 3,447 kwenye mamia, kwanza huipeleka kwenye makumi wakapata 3,450, kisha huitoa hapo wakapata 3,500. Hilo ni kosa. Namba 3,447 iko hatua 47 kutoka 3,400, na hatua 53 kutoka 3,500. Jibu ni 3,400. Kadiria mara moja tu, na kila mara uanze kwenye namba ya asili.

Sasa mzazi atauliza: kwa nini tumfundishe mtoto namba isiyo kamili, ilhali namba kamili ipo? Nitamjibu kwa kisa kilichonipata mimi mwenyewe, nami nakieleza ijapokuwa hakinipi sifa.

Miaka michache iliyopita, baada ya mavuno, jirani yangu aliuza mahindi gunia 38, kila gunia kwa shilingi 52,000. Mnunuzi, ambaye alikuwa mgeni, alipiga hesabu juu ya kipande cha karatasi akaandika jumla: shilingi 1,796,000. Jirani yangu hakujaliwa kusoma, akaniita mimi nithibitishe. Niliitazama karatasi ile. Mwandiko ulikuwa mzuri, na tarakimu zimepangwa kwa safu. Nikaona haya kumwonyesha mgeni kwamba namshuku. Nikasema, “Ni sawa.”

Binti wa jirani yule, mwanafunzi wangu, naye wakati huo alikuwa darasa la tano, alikuwa ameketi juu ya gunia. Akasema kwa sauti ya chini, “Maalim, naomba radhi, haiwezi kuwa.” Nikamkemea, nikamwambia kuwa mtoto haingilii maneno ya wakubwa. Baba yake akasema, “Maalim, mwache aseme.” Naye akasema: “Gunia 38 ni karibu 40. Shilingi 52,000 ni karibu 50,000. Arobaini mara elfu hamsini ni milioni mbili. Mbona hii imepungua laki mbili nzima?”

Tuyapime maneno ya mtoto huyu. Alipofanya 38 kuwa 40, aliongeza gunia mbili, yaani kama shilingi laki moja. Alipofanya 52,000 kuwa 50,000, alipunguza shilingi elfu mbili katika kila gunia, yaani kama shilingi 76,000 kwa gunia zote 38. Ongezeko na punguzo hupingana, kwa hiyo kadirio lake la milioni mbili lilitakiwa kuzidi jumla ya kweli kwa elfu ishirini na kitu tu, si kwa laki mbili. Tukapiga hesabu upya, tukapata shilingi 1,976,000. Tarakimu 9 na 7 zilikuwa zimebadilishana mahali, na kwa kubadilishana kwake jirani yangu angepoteza shilingi 180,000, ambazo ni thamani ya zaidi ya gunia tatu. Mnunuzi alisema kalamu iliteleza, akalipa kamili. Yaliyo moyoni mwa mtu huyajua Mola wake. Ama mimi sikuwa na udhuru. Jioni ile chuoni nilimwomba radhi mtoto yule mbele ya wenziwe, na tangu siku hiyo ninafundisha kukadiria.

Hiyo ndiyo kazi ya makadirio, enyi vijana: ni mlinzi wa hesabu. Hesabu kamili hukupa jibu, na makadirio hukuambia kama jibu hilo linaweza kuaminiwa. Mtoto aliyezidisha 38 kwa 52 akapata 196, angalikadiria kwanza angalijua ya kuwa jibu lapasa kuwa jirani na 2,000, na kwamba amepoteza mahali fulani njiani.

Wala elimu hii si ngeni kwetu Waislamu. Katika mwaka wa 2 wa Hijra (624), kabla ya vita vya Badri, walikamatwa wachota maji wa Makureshi. Walipoulizwa idadi ya jeshi walisema ni wengi, hawaijui idadi yao. Mtume Muhammad (s.a.w.) akawauliza: huchinja ngamia wangapi kila siku? Wakajibu kuwa siku moja tisa, na siku nyingine kumi. Akasema basi watu hao ni baina ya mia tisa na elfu moja, na waandishi wa sira wanaeleza kwamba jeshi lile lilikuwa katika kiasi hicho hicho. Ngamia mmoja hulisha kama watu mia. Hakuhesabiwa hata askari mmoja, na jawabu likapatikana. Wazazi, waelezeni watoto kisa hiki. Nao wataona kwamba kukadiria ni kufikiri kwa kufuata dalili, wala si kubahatisha.

Walakini kila chombo kina mahali pake. Yako mambo yanayokubali makadirio, na yako yanayoyakataa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Tanzania. Katika mazungumzo twasema milioni 62, wala hapana ubaya. Lakini anayegawa madawati au dawa hawezi kumwambia mtoto wa mwisho, “Wewe umeanguka katika kukadiria.”

Wakati mwingine jambo lenyewe ndilo linaloamua kama namba ipande au ishuke, hata kama kanuni yasema vingine. Tuseme watoto 130 wanasafiri, na kila basi huchukua 60. Mabasi mawili huchukua 120. Kanuni itasema kwamba 130 iko karibu zaidi na 120 kuliko 180, kwa hiyo mabasi mawili yatosha. Lakini je, watoto kumi waachwe barabarani? Hapa yapasa mabasi matatu.

Na mahali ambapo makadirio yanakatazwa kabisa ni penye haki ya mtu mwingine. Jirani yetu mmoja amevuna mahindi gunia 34 za kilo mia mia. Shamba lake limenyweshwa na mvua, kama yalivyo mashamba yetu mengi hapa Hanang, na zaka ya mazao ya mvua ni fungu moja katika kumi. Jumla ni kilo 3,400, na fungu la kumi ni kilo 340, yaani gunia tatu na kilo 40. Kwa kanuni ya shuleni, 340 katika mamia ya karibu ni 300. Mwanafunzi akijibu hivyo atapewa alama zote. Lakini mkulima akitoa gunia tatu tu na kusema, “Ni takriban hizo,” amezuia kilo 40 zilizo mali ya maskini, na katika kilo hizo kuna chakula cha siku nyingi cha nyumba ya mjane. Akitaka kurahisisha, na atoe gunia nne. Kilo 60 zilizozidi zitakuwa sadaka yake.

Wanavyuoni walilijua jambo hili tangu zamani. Mtume (s.a.w.) alimtuma Abdallah bin Rawaha kwenda Khaybar kukadiria tende zingali juu ya mitende, na imepokewa kwamba watu walipotaka kumhonga ili apunguze, aliikataa hongo yao. Imepokewa pia kwamba wakadiriaji waliagizwa kumwachia mwenye shamba theluthi, au robo. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu katika Afrika Mashariki twayafuata, makadirio hayo huruhusiwa kwa tende na zabibu, kwa sababu matunda yake huonekana wazi. Ama nafaka haikadiriwi, maana punje zimefichwa ndani ya maganda; nafaka hupimwa. Tazameni uangalifu huo: kinachoonekana hukadiriwa na mtu mwaminifu, na kilichofichika hungojewa mpaka kipimwe.

Ninyi nyote mnaijua lumbesa, gunia lililojazwa hadi likaota kichwa na kushonewa kofia juu, kisha likahesabiwa kuwa gunia moja. Sheria ya vipimo ya Tanzania inaikataza, na kabla ya sheria hiyo Sura ya 83 ya Qurani iliwaonya wale wanaojipimia kwa ukamilifu na kuwapunguzia wenzao. Lumbesa ni makadirio ya mwenye nguvu juu ya asiye na sauti. Dawa yake ni mizani, pamoja na mtoto ajuaye kuuliza.

Basi, wazazi, msingoje mwalimu wa shule peke yake. Mtoto anapokwenda dukani, mwulize kabla hajatoka: vitu hivi vitagharimu kama kiasi gani, na chenji itakuwa kama ngapi? Mkiwa shambani, mwambie ahesabu mabua ya mstari mmoja, kisha akadirie shamba zima. Mwache akosee, kisha mpime pamoja mwone alikosea kwa kiasi gani. Na siku atakapokuambia, “Baba, haiwezi kuwa,” usimkemee kama nilivyofanya mimi. Msikilize kwanza.

Maswali ya mwezi huu, kwa vijana:

1. Kadiria 6,284 katika makumi, kisha mamia, kisha maelfu.

2. Kimo cha Mlima Kilimanjaro ni mita 5,895. Kikadirie katika makumi, na tena katika mamia. Kwa nini majibu yote mawili ni sawa?

3. Mama ameuza trei 21 za mayai, kila trei kwa shilingi 9,800, naye amepewa shilingi 158,000. Bila kuzidisha kwa ukamilifu, mwambie kama amelipwa haki yake.

4. Mkulima amevuna gunia 27 za kilo mia mia kwa mvua. Zaka yake ni kilo ngapi? Je, akitoa gunia mbili zitatosha?

Majibu tutayatoa mwezi ujao, Mungu akitujalia uzima. Msimwulize kaka wala dada kabla hamjajaribu wenyewe.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam.

Maalim wenu, Mogitu, Hanang