Mshale wa mafuta ni mwongo, na karatasi ya muuzaji ni pacha wake

Najua nimekuwa kimya wiki kadhaa. Zamu zimebana, na baridi ya Johannesburg mwaka huu haina adabu. Mimi mzima, namshukuru Mungu.

Leo sina habari za hali ya hewa. Leo nina ugomvi. Kaka yangu mkubwa (shikamoo kaka, najua utasoma) amenitumia picha ya kagari kadogo ka Kijapani kalikoko yadi moja huko Dar, na ujumbe mrefu. Kwa ufupi: tuchangie nusu kwa nusu, gari litampeleka mama kliniki na litabeba nyanya kwenda sokoni, na mafuta si tatizo kwa sababu "wa yadi wamesema linakwenda kilomita 22 kwa lita, na geji yake inafanya kazi vizuri".

Kaka, nakuheshimu sana. Lakini kwenye sentensi hiyo moja kuna uongo wa aina mbili, na mimi uongo huo umenilaza barabarani. Ngoja niwaeleze.

Mnakumbuka ninaishi Kempton Park, karibu na uwanja wa ndege, na hospitali yangu iko upande wa kusini wa jiji. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 90. Gari langu ni dogo, injini ya lita 1.2, tenki la lita 35. Jina silitaji, nisije nikaitwa mahakamani! Brosha yake inasema linatumia lita 5.4 kwa kilomita 100. Huku wanahesabu hivyo, kinyume na sisi. Ukitaka kupata kilomita kwa lita unagawa 100 kwa hiyo namba: 100 gawa kwa 5.4 ni kilomita 18 na nusu kwa lita. Tamu, sivyo?

Basi Julai iliyopita nilijaza tenki siku ya mshahara, nikaendelea na zamu zangu. Jioni moja nikatoka kazini saa mbili kasorobo usiku, baada ya kukabidhi wodi. Nikaangalia geji: mshale umesimama kwenye robo. Nikaangalia kilomita tangu nilipojaza: 480 hivi. Nikapiga hesabu ya brosha kichwani: tenki la lita 35 kwa namba yao linatakiwa kufika kilomita 648. Kwa hiyo bado nina kama 160, yaani robo kamili. Mshale unasema robo, brosha inasema robo. Mashahidi wawili wamekubaliana, nani angebisha?

Nilipokaribia makutano ya Gillooly's, pale N3, N12 na R24 zinapokutana, gari likakohoa mara mbili, likanyamaza. Nikalisukumiza kwa kasi iliyobaki mpaka pembeni. Mshale bado uko robo! Ndugu zangu, mnaijua Johannesburg kwa kusikia. Mwanamke peke yake, sare ya nesi, gari limezima pembeni ya barabara kuu usiku, malori yanapita yakilitikisa. Nilifunga milango, nikazima taa za ndani, nikajifunika blanketi. Nilikaa dakika hamsini. Kila mwanga uliopunguza mwendo nyuma yangu, moyo ulisimama. Aliyeniokoa ni mwenzangu wa wodini anayekaa Vosloorus, aliyegeuza safari yake ya kwenda nyumbani akaniletea lita 5 kwenye kidumu. Mungu ambariki.

Nilikwenda moja kwa moja sheli. Likaingia lita 29.8. Jumlisha na zile 5: lita 34.8 kwenye tenki la 35. Maana yake lilikuwa kavu kabisa huku mshale ukinionyesha robo. Na kilomita nilizokwenda zilikuwa 486. Gawa: kilomita 14 kwa lita. Si 18 na nusu. Kumi na nne.

Sasa mtasema, "Dada, gari lako bovu tu." Ni kweli geji ilikuwa imechakaa. Lakini hata geji nzima si kipimo, na hapa ndipo ninapowataka mnisikilize.

Fundi aliyelifungua alinionyesha. Ndani ya tenki kuna boya, kama lile la tanki la maji la nyumbani. Boya limefungwa kwenye mkono wa chuma. Mafuta yakishuka, mkono unashuka, na ncha yake inateleza juu ya kipande chembamba kinachobadilisha umeme unaokwenda kwenye dashibodi. Basi, hiyo ndiyo teknolojia yote. Kile kipande kinalika na kushika uchafu, na ncha inaposhindwa kugusa vizuri, mshale husema lolote. Tena tenki la gari dogo si boksi. Limebanwa chini ya kiti cha nyuma, huku limenenepa, kule limekonda, kwa hiyo nusu ya kimo si lazima iwe nusu ya lita. Ukijaza sana, boya linagota juu, na mshale unakaa kwenye F muda mrefu huku mafuta yanaisha. Ukiegesha mlimani, mafuta yanakimbilia upande mmoja. Na mshale wenyewe umecheleweshwa makusudi usicheze kila ukikata kona. Mtengenezaji anayajua yote haya, ndiyo maana huacha akiba kidogo chini ya E. Lakini akiba hiyo ni lita ngapi kwenye gari la mtumba la miaka kumi na tano? Wa yadi anajua? Hajui. Nawe hujui. Mnabahatisha.

Hospitalini, kipimajoto kinachokosea namna hiyo tungekitupa siku hiyo hiyo. Kwenye gari tunakiita "kinafanya kazi vizuri" kwa sababu tu mshale unatikisika.

Tuje kwenye karatasi. Kaka, hiyo 22 imetoka wapi? Haikutoka Kitonga, nakuhakikishia. Magari ya Japani ya miaka ile yalipimwa kwa jaribio lililoitwa 10-15: gari linawekwa juu ya magurudumu ya mashine ndani ya jengo, linakwenda kilomita zipatazo 4, wastani wa mwendo kilomita 23 kwa saa, mwisho 70. Hakuna mlima, hakuna upepo, hakuna mama, hakuna tenga la nyanya. Wajapani wenyewe waliliacha wakaleta jaribio jingine kali zaidi. Huku Afrika Kusini magari mapya yanabandikwa karatasi ya matumizi ya mafuta tangu 2008, kwa kipimo kilichotoka Ulaya: kilomita 11, dakika zisizofika 20, ndani ya jengo lenye joto zuri, kiyoyozi kimezimwa. Ulaya walianza kukiacha kipimo hicho mwaka 2017. Watafiti wa ICCT, shirika lile lile lililosaidia kufichua kashfa ya Volkswagen ya 2015, walilinganisha namba za karatasi na za barabarani huko Ulaya. Mwaka 2001 tofauti ilikuwa kama asilimia 9. Mwaka 2015 ilikuwa imefika asilimia 42. Barabara hazikubadilika hivyo. Kilichobadilika ni ujanja wa kufaulu mtihani.

Na hapo ni wale waliofuata sheria. Wengine walidanganya kabisa. Aprili 2016 Mitsubishi walikiri kwamba walichezea namba za mafuta za magari madogo yapatayo 625,000, yale ya injini ya cc 660, mengine yakiuzwa kwa jina la Nissan. Tena ni Nissan waliopima wenyewe wakaona hesabu haziendani! Mwaka 2014 Hyundai na Kia walikubali kulipa faini ya dola milioni 100 huko Marekani, kwa magari karibu milioni 1.2 yaliyotangazwa yanatumia mafuta kidogo kuliko ukweli. Kama serikali kubwa zilidanganywa, sisi tunaonunua mtumba wa tatu tutaambiwa ukweli na nani?

Najua mtakavyojibu, maana nimeshajibiwa kwenye simu. Shemeji alisema, "Tatizo ni uendeshaji wako." Sikatai yote. Tairi zenye upepo mdogo zinakula mafuta. Safari fupi za asubuhi injini ikiwa ya baridi zinakula mafuta. Foleni inakula. Lakini shemeji, mimi naendesha kama nesi anayewahi zamu saa moja asubuhi, na kaka ataendesha kama baba anayewahi soko. Namba ambayo haimhusu mtu yeyote mwenye kazi na familia ni namba ya nani?

Mwingine akasema gari dogo siku zote hunywa kidogo. Ukilinganisha na Land Cruiser, ndiyo. Lakini kainjini ka lita moja, watu watano ndani, mizigo nyuma, Kitonga mbele, kanakanyagwa mpaka mwisho. Na kumbukeni Iringa, kama Johannesburg, iko juu zaidi ya mita 1,500. Hewa ni nyepesi, injini isiyo na turbo inapoteza nguvu, na mguu wako unajazia.

Hili la tatu ndilo linaloniumiza: "Tunatembelea taa, tumezoea." Ndugu zangu, acheni. Magari ya siku hizi pampu iko ndani ya tenki na inapozwa na petroli hiyo hiyo. Ukizoea kuliacha tupu, unaunguza pampu ili uokoe safari ya sheli. Na mafuta yakiisha inakuja hadithi ya kidumu na mpira, mtu ananyonya petroli kwa mdomo. Nawaambia kama muuguzi: petroli ikipita njia ya hewa inaunguza mapafu. Na aliyeimeza msimtapishe, wala msimpe maziwa kama wazee wanavyosema. Mkimbizeni hospitali. Afadhali zaidi, msifike huko.

Sasa dawa. Wodini mgonjwa wa figo hatumkadirii kwa macho. Tuna chati: maji yaliyoingia, mkojo uliotoka, kila kitu kwa mililita, mwisho wa siku tunajumlisha. Daktari mkubwa akija hatumwambii "anaonekana yuko robo". Gari nalo lifanyieni hivyo hivyo. Jaza mpaka bomba la sheli lijikate lenyewe. Andika kilomita. Tembea kama unavyotembea siku zote. Jaza tena sheli ile ile mpaka lijikate. Gawa kilomita ulizokwenda kwa lita zilizoingia. Hiyo ndiyo namba yako. Ifanye mara tano upate wastani, maana mara moja inaweza kukudanganya. Najua wengi tunanunua mafuta ya elfu kumi kumi. Sawa, lakini andika kila elfu kumi ni lita ngapi, na mwanzo na mwisho wa mwezi lijae. Kujua kiasi kilichomo, msiulize mshale, ulizeni kilomita. Mimi sasa tenki zima nalihesabu kilomita 400 tu, nikifika hapo najaza, mshale useme usemavyo. Gari ni lile lile, na sijakwama tena.

Kaka, turudi kwako. Umepanga kilomita 1,500 kwa mwezi. Kwa namba ya yadi ni lita 68. Kwa kilomita 15 kwa lita, ambayo kwangu ni makadirio ya mtu mwenye imani, ni lita 100. Hizo lita 32 za kila mwezi zidisha kwa bei ya EWURA uone. Bei inabadilika Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwenu na huku pia, kwa hiyo siku hiyo tunalia pamoja. Pesa hiyo haimo kwenye bajeti uliyonitumia. Itatoka wapi? Itatoka kwenye dawa za mama, au itatoka kwangu. Nami zamu za ziada nimeshazimaliza.

Sisemi usinunue. Nusu yangu ipo. Ila kabla ya kutuma nataka mambo mawili. Kwanza, bajeti irudiwe kwa kilomita 14 kwa lita. Ikitoshea hapo, tumepona. Ikizidi, tutafurahi pamoja. Pili, nunua daftari la mia mbili, likae kwenye gari, na kila mafuta yanapoingia yaandikwe, hata kama anayeendesha ni shemeji. Miezi mitatu baadaye nitumie picha ya daftari hilo, kaka. Ya gari nimeshaiona.

Mama, usiogope ile habari ya usiku. Sikukwambia wakati ule kwa sababu ungelala macho. Niko salama.

Haya, nasubiri matusi yenu, hasa ya shemeji. Mungu awalinde wote.

Wenu wa Kempton Park.