Kila mtoto na kipimo chake: tunachojifunza kwenye kambi za poni



Vakansi kubwa imekaribia. Mwezi wa saba na wa nane watoto watashinda nyumbani, na wengi wenu mmekwisha kutuuliza: tuwashughulishe na nini? Kabla ya kujibu, tutasimulia jambo lililotokea karibu nasi.

Siku ya mwaka mpya, kijana mmoja alileta farasi katika kartie yetu ili watoto wapigwe picha juu yake. Mtoto wa miaka minne akapandishwa, bila kaske, bila mtu wa kumshika. Mwingine aliyemzidi umri akakimbia nyuma ya farasi akifuata mpira wake. Farasi akashtuka, akaruka upande, yule mdogo akaanguka na mkono wake ukavunjika. Sisi tulikuwepo. Tulikuwa tukicheka na kupiga makofi kama wengine wote. Pale ISP tulifundishwa saikolojia ya mtoto, lakini siku hiyo tuliisahau yote.

Baadaye mama yake alitujia na simu mkononi. Mdogo wake anayekaa Liège, kule Ubelgiji, alikuwa amemtumia picha za vakansi: binti wa miaka minne juu ya poni, anacheka. Mama akatuuliza: “Mwalimu, wa kwao wanapanda na wanarudi wazima. Wangu ndiye mjinga, ao mimi ndiye mama mbaya?”

Hatukuwa na jibu. Tuliomba tuongee na yule mdogo wake kwa simu, atueleze jinsi kambi hizo zinavyopangwa. Tulichosikia kilitufungua macho.

Kule Ubelgiji, kama vile Ufaransa, wakati wa vakansi watu wanaofuga farasi hupokea watoto kwa juma moja, kutoka siku ya kwanza mpaka siku ya tano. Poni si mtoto wa farasi. Ni farasi aliyekomaa, ila ni wa aina fupi. Katika mashindano ya kimataifa, poni hapaswi kupita sentimeta 148 kwenye mabega. Wale wanaopewa watoto wadogo mara nyingi ni Shetland, wenye asili ya visiwa vya kaskazini mwa Scotland, ambao hawapiti sentimeta 107. Lakini msidanganywe na ufupi huo. Shetland anaweza kuwa na kilo karibu 200, sawa na mifuko 4 ya simenti.

Jambo kubwa ni hili: watoto hawachanganywi. Wenye miaka minne mpaka sita wana kikundi chao, na mara nyingi wanakaa nusu siku tu. Wanamsugua poni kwa brosi, wanajifunza jina lake, na wakipanda, mtu mzima anashika kamba na kutembea pembeni. Hakuna kukimbia. Wenye miaka saba mpaka tisa wanafundishwa kushika hatamu wenyewe, kusimamisha na kugeuza, ndani ya uwanja uliozungushiwa ua. Wenye miaka kumi na kuendelea wanaweza kutoka njiani pamoja na mwalimu, ao kuruka vizuizi vifupi. Nao ndio wanaofagia mavi, kubeba maji na kukagua kwato.

Yule dada alituambia jambo lililotushangaza: siku ya kwanza binti yake alipanda kwa dakika chache tu. Saa zingine zote ilikuwa kusugua, kulisha na kusikiliza. Kule Ufaransa kuna ngazi za kujifunza farasi zinazoitwa Galop, toka ya 1 mpaka ya 7, na mwanafunzi haulizwi kupanda tu. Anaulizwa pia kumjua na kumtunza mnyama. Aliyejua kupanda bila kujua kutunza, bado hajafaulu.

Tena kuna sheria ambazo kila mtoto anafundishwa mbele ya kukaa mgongoni:

Usipite nyuma ya farasi. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona mbali kulia na kushoto, lakini hamwoni aliye nyuma yake kabisa. Akishtuka, atapiga teke ao atakimbia. Mfikie kwa upande wa bega, ukisema naye polepole.

Ukimlisha, fungua kiganja, vidole vyote vibanwe pamoja, chakula kiwe juu. Kidole kilichosimama anaweza kukiuma akidhani ni karoti.

Usizungushe kamba mkononi. Akikimbia, atakuburuta.

Kaske kichwani, mkanda umefungwa chini ya kidevu, toka kupanda mpaka kushuka.

Soma tena sheria ya kwanza, mama, kisha ukumbuke mpira wa siku ya mwaka mpya. Farasi yule hakuwa mbaya. Mtoto hakuwa mjinga. Wakubwa tuliosimama pale ndio hatukufanya kazi yetu. Hata kule Ubelgiji watoto huanguka, lakini mtoto mdogo anaanguka toka kwa mnyama mfupi anayetembea polepole, akiwa na kaske, na mtu mzima yuko pembeni yake. Hilo ndilo jibu tulilompa yule mama, na tulimwomba msamaha.

Sasa sisi tufanye nini? Hapa Congo farasi ni wachache. Katika sehemu nyingi za Afrika ya kati, ndorobo na ugonjwa anaouleta viliwazuia farasi tangu zamani. Kule Kinshasa na Lubumbashi kuna klabu za farasi, lakini si kila mzazi ana uwezo wa kulipa. Hatuwaambii mtafute poni. Tunawaambia mchukue ule mpango wa umri. Mbuzi tunao, sungura tunao, simbilisi tunao.

Kikundi kinaweza kuchagua parsele moja yenye wanyama na kupanga juma moja hivi. Wa miaka minne mpaka sita: kutoa majani kwa kiganja wazi, kuhesabu wanyama, kuwapa majina, saa moja kwa siku na mama mmoja karibu. Wa miaka saba mpaka tisa: kuosha chombo cha maji, kufagia banda, kutazama nani amekula na nani amekataa. Wa miaka kumi na zaidi: kuandika katika daftari siku ya kuzaa, bei ya chakula na bei ya kuuza, kisha kuwaeleza wadogo. Hesabu ya namna hiyo haisahauliki. Na wote, kila umri, wanawe mikono kwa sabuni wakimaliza.

Wamama, kuna kosa mbili ambazo tunazifanya. Moja ni kumpa mdogo mzigo wa mkubwa, kwa sababu tunataka kusifiwa ao kupata picha nzuri. Ingine ni kumwacha mkubwa bila kazi yoyote ya maana, kisha kushangaa akienda kuitafuta barabarani. Zote mbili zinatoka mahali pamoja: hatukumwuliza mtoto ana miaka mingapi.

Mkono wa yule mtoto umepona. Kwa muda mrefu alikimbia hata akiona mbuzi. Juma lililopita mama yake alikuja naye kwetu, akasimama nyuma yake, akamfungulia kiganja na kuweka jani la kabichi. Sungura alikula. Mtoto akaomba jani lingine.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Katika kikundi chetu tuna watoto wangapi wa kila umri?
2. Ni kazi gani tunayompa mtoto wetu isiyolingana na miaka yake?
3. Siku ya sikukuu, ni nani kati yetu atakayesimama karibu na watoto, asikae na wengine kwenye viti?

Tuonane juma lijalo.

Mwalimu wenu