Kabla ya kumuua muuaji, tumuulize nani alimutuma



Kila mara mwenzetu anapopigwa risasi usiku akirudi nyumbani, asubuhi maneno ni yale yale, kwenye matanga, kwenye parking ya motari, kwenye WhatsApp: « Naye auawe! » Hatutamucheka mutu anayesema hivyo. Mama ambaye ametoka kuzika mutoto wake hana deni la kumuonea huruma aliyemuua. Na sisi tumezika wenzetu. Tunajua ile hasira ina uzito gani.

Serikali nayo iliisikia. Tarehe 13 mwezi wa tatu 2024, minisita wa sheria aliandika barua ya kuondoa kizuizi ambacho, tangu 2003, kilifanya hukumu za kifo zitolewe na korti lakini zisitekelezwe. Barua ilitaja usaliti ndani ya jeshi, na ujambazi wa mijini unaoua watu. Wengi walipiga makofi. Sisi tunasema hapana, na tunataka kuwaeleza juu ya nini.

Hatusemi kama muuaji ni malaika. Tunasema kama katika hii inchi, anayekamatwa mara nyingi ni kidole tu. Mukono wenye kile kidole unabaki huko juu. Ukikata kidole haraka haraka, mukono unakushukuru.

Mukumbuke Floribert Chebeya. Mwezi wa sita 2010, huyu mutetezi wa haki za binadamu aliitwa kwenye ofisi za wakubwa wa polisi, Kinshasa. Kesho yake alikutwa maiti ndani ya gari yake. Dereva wake, Fidèle Bazana, hata mwili wake haukuonekana. Mwaka 2011, korti ya kijeshi ikamuhukumu kolonele Daniel Mukalay kifo. Sasa tuseme wangemupiga risasi mwaka ule ule. Tungeshangilia, dosie ingefungwa, kila mutu angerudi kwake.

Lakini hakuuawa. Kwenye rufaa, 2015, hukumu yake ikawa miaka 15. Halafu 2021, polisi waliokuwa wamekimbilia inje ya inchi wakaanza kueleza kwenye redio yale waliyofanya usiku ule. Kesi ikafunguliwa tena. Na mwaka huo huo Mukalay, ambaye alikuwa amekana miaka yote, akasema mbele ya korti kama Chebeya aliuawa kwa amri ya mukubwa wake. Ilichukua zaidi ya miaka 10. Kama Mukalay angekuwa kaburini, mujane wa Chebeya angeenda kumuuliza nani?

Tuje karibu. Tarehe 30 mwezi wa munane 2023, Goma, askari walifyatulia raia risasi. Zaidi ya watu 50 walikufa. Siku 33 tu baadaye korti ilikuwa imemaliza: askari sita walisimama mbele yake, kolonele mumoja akapewa hukumu ya kifo, watatu wakapata miaka 10, wawili wakaachiliwa. Kwa inchi yetu hiyo ni mbio sana. Lakini ile operesheni ilipangwa na nani? Nani aliifahamu na akanyamaza? Yule aliyehukumiwa kifo ni mumoja wa wale wanaoweza kujibu. Ndiyo maana sisi tunamutaka hai, ndani ya gereza, siku zote ambazo familia zitakuwa na swali la kumuuliza.

Mutatuambia: « Gereza zetu hazifungi mutu. » Ni kweli. Mwezi wa kwanza 2025, vita ilipoingia Goma, maelfu ya wafungwa wa Munzenze walitoka, na wanawake wengi waliokuwa ndani walibakwa, wakafia kwenye moto. Watu waliogopa kukutana barabarani na wale waliowashitaki, na woga wao ulikuwa na haki. Lakini mufikiri kidogo. Serikali isiyoweza kulinda ukuta wa gereza, ambayo inajaza gereza na watu ambao bado hawajahukumiwa, ndiyo hiyo hiyo tuiamini wakati inatuambia: « Huyu ndiye, mufyatulie »? Mufungwa aliyekosewa unaweza kumufungulia mulango. Maiti, utaifungulia nini? Katiba yetu, kipengele cha 16, inasema mutu ni mutakatifu na Serikali ina lazima ya kumulinda. Haikuandika « isipokuwa tukikasirika ».

Na sisi wenyewe tujiangalie. Mwizi akikamatwa kwenye kartie, tairi na petroli vinapatikana kabla ya polisi. Anachomwa, tunapiga picha, tunalala. Lakini yule aliyemukodisha bunduki hakuungua. Wiki ijayo atamukodisha mwengine. Ile ni hukumu ya kifo pia, na ni sisi tunaitekeleza.

Kwa hiyo tunaomba mambo ya kushikika. Ile barua ya 2024 ifutwe, na wabunge wapige kura ya kutoa hukumu ya kifo katika sheria zetu. Kila mauaji yafanyiwe ankete mupaka kwa aliyelipa, aliyetoa silaha na aliyetoa amri, hata akiwa na nyota begani. Mashahidi walindwe, maana mushahidi anayeogopa ni sawa na dosie iliyochomwa. Gereza zijengwe ziwe gereza, siyo soko wala kaburi.

Na wewe kijana, siku watakapokamata mutu kwenye avenue yako, usilete tairi. Simama, piga kelele, wamupeleke akiwa hai. Tunamuhitaji na mudomo wake.

Mufu hataji jina la mutu.