Siku Tuliyozuiwa Njiani

Mwezi huu twawaomba mketi tena pamoja baada ya chakula cha jioni, mmoja asome na wengine wasikilize, maana twataka kuwachukua safari ya mbali. Nchi tutakayoisimulia ni Nyuzilandi, iliyo kusini sana katika bahari kuu ya Pasifiki. Nchi hiyo ina visiwa vikubwa viwili, na katika Kisiwa cha Kusini imo safu ndefu ya milima iitwayo Alps ya Kusini, ambayo vilele vyake huvaa theluji. Sisi tulikusudia kutoka mji mdogo wa Te Anau, kupita kati ya milima ile kwa motakaa, hata tufike Milford Sound, mahali ambapo bahari imeingia ndani ya nchi kati ya majabali. Mwendo wote ni kama kilometa 120. Ukitazama katika ramani, wadhani ni kazi ya asubuhi moja tu. Lakini kwetu ilikuwa kazi ya siku mbili, na ile siku ya kwanza, ambayo hatukusogea hata hatua moja, ndiyo iliyotufundisha zaidi.

Ilikuwa mwezi wa Septemba, ambao katika nchi zile za kusini ni mwisho wa baridi kali na mwanzo wa majira ya majani kuchipua. Tuliamka alfajiri, tukafunga mizigo, tukatia ndani ya motakaa minyororo ya kuvika magurudumu, kama sheria ya njia ile inavyotaka wakati wa theluji. Nauli ya meli ya kutembelea ule mkono wa bahari tulikuwa tumekwisha kulipa. Tulipotoka nje tukaona mbingu zi safi, wala hapana wingu hata moja juu ya ziwa. Tukafurahi. Kumbe, tulipofika penye ubao wa matangazo, tukasoma ya kwamba njia imefungwa kwa sababu ya hatari ya maporomoko ya theluji.

Tuseme kweli, tulinung'unika. Mmoja wetu alisema, "Wanaogopa nini, na jua lawaka namna hii?" Mwingine akahesabu fedha zitakazopotea. Mzee mwenye nyumba tuliyopanga alitusikia, akatuuliza kwa upole, "Je, mwaujua mlima ulio juu ya njia?" Tukajibu kwamba hatuujui. Akasema, "Basi, mwachieni aujuaye." Kisha akatuandalia chai, akatueleza habari ambazo twapenda kuwapa ninyi pia.

Theluji, alisema, haikai mlimani kama mchanga uliorundikwa mara moja. Hukaa tabaka juu ya tabaka, kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwenzake. Pengine tabaka jipya halikushikamana vema na lile la chini. Likizidi uzito, au likinyeshewa mvua, au likipata joto la jua, huteleza lote kwa mara moja. Ndiyo maana siku nzuri yaweza kuwa siku mbaya. Tena theluji ile huanzia juu sana, mahali ambapo mtu aliye njiani hawezi kupaona. Inaposhuka husukuma upepo mbele yake, na upepo huo peke yake watosha kuvunja miti na kupindua gari.

Njia ile ilikatwa kwa jasho jingi. Kazi ilianza mwaka 1929, ikaendelea katika miaka ile ya shida kuu, wakati watu wengi walipokosa kazi. Nao wasio na kazi ndio waliopelekwa kuichimba. Walifika hata penye ukuta wa jabali usiopitika. Zamani, mwaka 1889, mtu mmoja jina lake William Homer alikuwa amepaona mahali pale palipoinama kati ya vilele, akashauri kwamba itobolewe njia ndani ya mlima. Hata mwaka 1935 kazi hiyo ikaanza, na walioianza walikuwa watu watano tu, wenye sululu na magari ya mkono. Walilala katika mahema, mahali ambapo kwa miezi mingi ya baridi jua halifiki, maana milima hulizuia. Na kwa kuwa njia ile ya ndani ilichimbwa ikiteremka kuelekea upande wa bahari, maji yaliyovuja katika mwamba yaliwafuata miguuni walipokuwa wakichimba, ikawapasa kuyavuta nje kwa pampu.

Theluji nayo haikuwaacha. Mwaka 1936 poromoko lilimwua mtu mmoja, na mwaka 1937 likawaua wawili. Mwaka 1940 mwamba ulitobolewa toka upande hata upande, lakini vita vikuu vilizuia kazi, na theluji ikaharibu tena yaliyojengwa. Motakaa za watu wote zilianza kupita mwaka 1954. Basi hesabuni: toka kuanza mlima kutobolewa hata kupitika, miaka 19, kwa njia ya ndani yenye urefu wa kilometa moja na robo hivi!

Hata baada ya kufunguliwa, hatari haikwisha. Mwaka 1983 mfanyakazi mmoja wa barabara aliuawa na poromoko akiwa kazini. Kifo chake kiliwafanya wakuu wa barabara watengeneze ulinzi wa namna nyingine. Tangu hapo wamo watu ambao kazi yao ni kuitazama theluji. Wameweka vyombo juu milimani vya kupima upepo, joto na baridi; huchimba mashimo katika theluji ili kuyasoma matabaka yake. Wakiona hatari, hufunga njia. Kisha hupanda katika helikopta, huangusha baruti juu ya theluji iliyolegea, ili ianguke wakati wapendao wao, hali njia ni tupu. Ikiisha kuanguka, huondoa kifusi, ndipo huifungua.

Yule mzee alipomaliza, hapakuwa na mtu aliyetaja tena nauli. Mwenzetu aliyeuliza kwamba wanaogopa nini, aliitazama chai yake asiseme neno.

Kesho yake njia ikafunguliwa, nasi tukaondoka. Kwanza tulifuata kando ya Ziwa Te Anau, lililo kubwa kuliko maziwa yote ya Kisiwa cha Kusini, na lenye kina cha zaidi ya mita 400. Kisha tukaingia katika bonde la mto Eglinton. Sakafu ya bonde hilo ni tambarare kama uwanja, yenye majani ya rangi ya dhahabu, na kuta zake zimesimama wima pande zote mbili. Bonde la namna hiyo halikuchongwa na mto wa maji. Lilichongwa na mto wa barafu, ambao zamani sana ulijaa humo, ukijikokota polepole, ukikwangua mawe kama mtu akwanguavyo ndani ya mzinga. Hapo kando ya njia pana vidimbwi viitwavyo Maziwa ya Kioo. Upepo ulikuwa umetulia, tukaiona milima imesimama juu chini ndani ya maji.

Mbele zaidi tulivuka mahali paitwapo The Divide, penye kimo cha mita 530 hivi, ambapo ndipo pa chini kuliko njia zote zivukazo Alps ya Kusini toka mashariki hata magharibi. Baada ya hapo tuliona vibao njiani vikituonya tusisimame, kwa kuwa tumeingia katika nchi ya maporomoko. Hatukusimama. Kando ya barabara palikuwa na marundo ya theluji chafu, iliyochanganyika na mawe na matawi yaliyovunjika. Tukafahamu ya kwamba hayo ndiyo yaliyoangushwa jana, wakati ule ule tulipokuwa tukinung'unika.

Penye mlango wa njia ya mlimani, katika kimo cha zaidi ya mita 900, tuliwakuta wakazi wa mahali pale, nao ni kasuku wa milimani waitwao kea. Ni ndege wa rangi ya majani mabichi, na chini ya mabawa wana rangi ya moto. Wana akili nyingi na utundu mwingi. Mmoja alitua juu ya motakaa iliyokuwa mbele yetu, akaanza kung'oa mpira wa dirisha kana kwamba amelipwa kwa kazi hiyo. Watu wa nchi hiyo huwaonya wageni wasiwape chakula, maana chakula cha watu huwadhuru na kuwazoeza kukaa njiani.

Ndani ya mlima palikuwa giza, na maji yalidondoka kutoka katika mwamba. Njia iliteremka mbele yetu, tukakumbuka wale watu watano na sululu zao. Tulipotokea upande wa pili, nchi ilifunguka ghafula: bonde la Cleddau liko chini sana, barabara inajipinda-pinda, na juu ya kila ukuta wa jabali zinaning'inia nyuzi nyeupe za maji.

Hata tukafika Milford Sound. Jina hilo la Kiingereza, kwa haki yake, ni la bonde la mto lililofunikwa na bahari. Lakini hapa aliyechimba ni barafu, kwa hiyo mahali hapa ni fiodi hasa. Ina urefu wa kilometa kama 15. Kilele kiitwacho Mitre hutoka majini moja kwa moja hata kimo cha mita 1,680 hivi. Mvua ya mwaka mzima hukaribia mita saba. Maji hayo ya mvua hupita msituni, yakapata rangi ya chai, kisha hulala juu ya maji ya chumvi na kuzuia mwanga. Kwa ajili ya giza hilo, marijani nyeusi, ambazo desturi yake ni kukaa vilindini, hapa hukaa karibu na uso wa maji. Miti nayo huota juu ya mwamba mtupu, imeshikana mizizi. Mmoja ukianguka huwavuta wenzake, likabaki jeraha jeupe juu ya jabali. Tukasema, kumbe hata miti ina maporomoko yake.

Wamaori, waliofika huko kabla ya wageni wote na kupita milima ile kwa miguu wakitafuta jiwe la kijani walipendalo, hupaita mahali hapo Piopiotahi. Wazee wao husimulia kwamba Tu-te-raki-whanoa ndiye aliyezichonga fiodi zote kwa tezo yake, na hii akaichonga mwisho, ikawa nzuri kuliko zote. Ndipo Hine-nui-te-po, mwenye mamlaka ya mauti, alipoona uzuri ule, aliwaachilia usubi, ili watu wasikae pale mno wakasahau ya kwamba watakufa. Usubi hao wapo hata leo, nasi twashuhudia, maana walituuma mikono na shingo. Tuliwaza ya kwamba wazee wale nao walijua jambo lile lile: mahali pazuri sana hapakosi kuwa na mwonyaji wake.

Wasomaji wetu, na hasa ninyi walimu, mtakapowaeleza watoto habari za milima ya mbali, waelezeni uzuri wake wote. Lakini waambieni pia habari za wale wanaoamka usiku kupima theluji, ili mgeni asiyewajua apite salama na kufika nyumbani kwake. Mtu aliyezuiwa huona tu hasara aliyoipata; ile iliyomkosa haioni. Sisi tungaliiona wapi, kama tusingalipita kesho yake kati ya marundo yale?

Tuliporudi Te Anau jioni, mzee yule alituuliza, "Mmeuonaje mlima?" Tukamwambia ni mzuri mno. Kisha yule mwenzetu aliyenung'unika akaongeza, "Na jana ulikuwa mlima ule ule." Mzee akacheka, akaweka birika motoni.