Kumficha Ndugu Mhalifu

Katika mijadala yetu hapa shuleni hakuna methali inayoshangiliwa kama hii: damu nzito kuliko maji. Waitoao hutaka kusema kwamba kijana akiiba, kisha akapanda milimani usiku kwa mama yake, mama huyo hana lawama akimfungia mlango na kumpakulia makande.

Hutuletea habari za Mkwawa. Wajerumani walipokwisha kuiteka Kalenga mwaka 1894, Wahehe walimficha na kumlisha karibu miaka minne, ijapokuwa rupia 5,000 zilitangazwa kwa kichwa chake, mpaka alipojiua mwaka 1898. Nami nawasifu. Lakini Mkwawa alisakwa na wageni waliokuja kuitwaa nchi yake. Kijana wetu anatafutwa na mjane wa kijiji cha pili aliyeibiwa mbuzi.

Mfano wa kweli nauona Marekani, katika dhiki ya miaka ya 1930. Clyde Barrow na Bonnie Parker walinyang'anya maduka na benki, wakaua askari na raia. Jamaa zao wa Dallas waliwapelekea chakula na nguo kwa siri. Clyde hupita na gari akatupa chupa yenye barua. Basi mama yake huwapigia jamaa simu kwamba leo anapika maharage mekundu, nao hujua pana kukutana. Tarehe 23 Mei 1934 wawili hao waliuawa kwa risasi ndani ya gari. Februari 1935 mama zao walihukumiwa kifungo cha siku 30 kila mmoja. Maharage yale yaliwapa watoto nini, ila muda wa kuua zaidi?

Sheria yetu ya makosa ya jinai humwondolea hatia mke amsaidiaye mumewe kukwepa adhabu, na mume vivyo hivyo. Mama haikumtaja. Hilo halinipendezi hata kidogo, kwani mke aweza kuachwa, mama haachwi.

Hata hivyo simwambii mama amfukuze mwanawe. Ampe makande, ashibe, alale. Kukipambazuka amwite mjomba, wamsindikize polisi wao wenyewe, kabla watu hawajakusanyika na fimbo na mawe. Nasema mjomba kwa makusudi, maana baba mwenye hasira hafai kwa safari ya namna hiyo. Baba na aende kwa yule mjane, akaulize bei ya mbuzi.