Mimea inayovuruga mawasiliano ya bakteria: mzazi wa Babati afanye nini?

Mama, pitisha kidole ndani ya dumu la maji lisilosuguliwa siku nyingi. Ule utelezi unaouhisi ni utando: bakteria wamejishikiza ukutani na kujifunika kwa ute. Ugaga kwenye meno ya mtoto ni utando wa namna hiyohiyo. Vidonda visivyopona mara nyingi huwa nao pia, na dawa huupenya kwa shida.

Bakteria hujenga utando kwa kupeana taarifa. Kila mmoja hutoa kemikali. Zikiongezeka, wote hutambua kwamba wametosha na kuanza kazi kwa pamoja. Katika maabara, kitunguu saumu, kile kile kinacholimwa Mbulu, kimeonekana kuvuruga mawasiliano hayo kwa bakteria aitwaye Pseudomonas. Watafiti wanatumaini kwamba kumnyima bakteria taarifa, badala ya kumuua, kutachelewesha usugu.

Matumaini hayo yana sababu. Mwaka 2019, usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo vipatavyo milioni 1.27 duniani. Tanzania ilianza mpango wake wa kitaifa wa kupambana na usugu mwaka 2017.

Lakini sahani ya maabara si mwili wa mtoto. Huko kiasi cha dawa hupimwa, jikoni hatupimi. Kitunguu saumu kibichi kikibandikwa kwenye ngozi kinaweza kuiunguza. Mafuta ya mwarobaini yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa. Kuwa dawa ya asili hakumaanishi kuwa ni salama.

Kwa sasa fanya haya:

- Sugua dumu kwa sabuni na brashi. Kusuuza tu hakuondoi utando.
- Mpigishe mtoto mswaki asubuhi na kabla ya kulala.
- Usimwekee mtoto maji ya majani au ya kitunguu sikioni wala kwenye kidonda.
- Usinunue antibayotiki bila kuandikiwa, na usimpe mtoto masalio ya dawa ya mwenzake.
- Kama umeshampa dawa ya asili, mwambie mhudumu wa afya bila woga.

Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea sana, mpeleke kituo cha afya mara moja. Kitunguu saumu kibaki kwenye mboga.